Kibati cha Mgeni

Nyumbani walimwita binti yao Kifundo kwa sababu tangu utotoni hakujua kusamehe, na jamani, muhula ule alikuwa na kifundo cha kumkaba mtu.

Chuo chao cha uhandisi kilikuwa na utaratibu: muhula darasani, muhula mgodini. Kikamleta yeye na mwenzake kwenye mgodi mkongwe uliowalisha babu yake na baba yake. Mwenzake, Mgeni, akapewa chumba kwao Kifundo. Wiki haijaisha, mama anamwita "mwanangu" na kumpakulia kwanza! Baba, mchimbaji mstaafu asiye na maneno mengi, akamvalisha kofia yake ya mgodini, ile ambayo Kifundo aliitamani tangu akiwa mdogo. Roho ikamuuma, usingizi ukapaa.

Na nafasi ya kurudi muhula ujao ilikuwa moja tu. Msimamizi alishaanza kusema, "Yule kijana ana kichwa."

Mlangoni mwa mgodi kulikuwa na ubao wenye pande mbili, CHINI na JUU. Ukishuka, unatundika kibati chako, kipande cha bati chenye jina lako, upande wa chini. Ukitoka, unakihamishia juu. Kikibaki chini, baruti hailipuliwi mpaka mwenyewe apatikane, na mwanafunzi aliyesahau anafungishwa virago.

Jioni ile walipotoka, Mgeni alihamisha chake akaenda kuoga. Kifundo akaangaza huku na huku, akakirudisha chini chap, akajibanza nyuma ya stoo. "Leo utakiona cha moto," akajisemea.

King'ora kikalia: kuna mtu hajatoka. Watu wakakimbia, lifti ikashuka, ikakaa weee. Ilipopanda, alitoka Mgeni, vumbi mpaka kwenye kope, sabuni bado masikioni. Akamwona Kifundo ametokeza, akamkumbatia.

"Dada, uko hai! Nimekutafuta kila pembe!"

Kifundo akageukia ubao. Mama yangu! Kwa haraka ya kushika kibati cha mwenzake, chake alikisahau chini.

"Wewe, kusanya vitu vyako," msimamizi akamwambia Kifundo, amefura.

"Mzee, tafadhali," Mgeni akadakia. "Hapa ni kwao. Kama nafasi ni moja, mpe yeye."

Lo! Hata wema amzidi? Wivu ukampanda Kifundo mpaka machozi yakamtoka.

"Sitaki cha kupewa na wewe!" akafoka. "Chako nilikirudisha mimi! Ulipoteremka, hukukikuta tayari upande wa chini?"

"Nilikikuta," Mgeni akasema polepole. "Nikadhani nimesahau mwenyewe."

Akavua kofia, akamwekea mikononi. "Mpelekee baba. Mweleze wewe kwa nini sirudi nyumbani."

Kifundo akabaki ameishika, bado ina joto la kichwa cha mwenzake.