Majina Matatu ya Sabra

Mwalimu Mika alifundisha Kiswahili katika sekondari moja ya Lushoto, na kila Jumamosi asubuhi alikuwa na kipindi kwenye redio ndogo ya mjini, cha kufafanua maneno ya nyimbo. Wasikilizaji walimpenda. Neno likipita mikononi mwake, lilitoa siri.

Jumamosi moja aliletewa wimbo wa Sabra, mjane wa kijiji cha Shume aliyelima karoti na kuimba harusini. Ulikuwa umeanza kusambaa kwenye simu:

Asubuhi ni Zena, adhuhuri Mwanaidi,
Jua likizama Hadija, mimi nimebaki wapi?
Aniitaye namwitikia, kila jina ni langu.

Mika hakuwahi kumwona Sabra. Alikuwa na dakika ishirini za kujaza. Akasema nafsi ya mtu ina pande nyingi, na mtunzi huyu amethubutu kukiri za kwake: ni mwanamke mwenye jina jipya kwa kila mlango anaobisha. "Jiulizeni," akamalizia, "ni akina nani hao wanaomwita?" Fundi mitambo akacheka. Mika naye akacheka, akaukatisha wimbo kabla haujaisha.

Wiki mbili baadaye Hamida, mwalimu mwenzake aliyezaliwa Shume, alimfuata mezani kwake.

"Yule dada umemharibia. Familia tatu zimekataa aimbe harusini kwao. Shemeji zake wamekwenda kumhoji mbele ya watoto wake."

"Mimi nilifafanua tu."

"Ulimuuliza mwenyewe?"

Jumapili Mika alikodi pikipiki hadi Shume, akamkuta Sabra kijitoni akiosha karoti. Alipomsalimia tu, mwanamke yule aliinua kichwa.

"Ndiyo sauti yenyewe," alisema. Hakuonyesha hasira, na hilo lilimchoma Mika zaidi. "Karibu nyumbani, mwalimu."

Mama yake Sabra alikuwa ameketi karibu na moto, amejifunika blanketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu bibi, kisha akageuka na kusema kwa Kishambaa kwamba Zena amletee mgeni kiti. Sabra akaitika, akaleta. Baadaye kidogo bibi akamwita Mwanaidi, akiulizia chai. Sabra akaitika tena.

"Zena ni dada yangu," alimweleza Mika kwa sauti ya chini. "Mwanaidi ni mdogo wake mama. Hadija alikuwa wifi yake mama. Wote walishafariki. Mama kumbukumbu zimemtoka. Mwanzoni nilikuwa namkatalia, namwambia mimi Sabra, Zena tulishamzika. Basi analia msiba upya, kila siku. Nikaacha kukataa."

"Na Sabra anamwita saa ngapi?"

"Hamwiti. Ndiyo nikatunga."

Mika aliikamata bilauri ya chai kwa mikono miwili, asiweze kuinywa. "Nimekukosea, dada."

"Umenikosea. Mwisho wa wimbo naitaja namba yangu ya simu. Ungenipigia, ningekwambia."

Aliahidi kueleza ukweli wote redioni. Sabra akatikisa kichwa.

"Mama yangu usimtaje. Sitaki aongelewe sokoni. Sema ulikosea, basi."

Jumamosi iliyofuata alisema hivyo: amekosea, hakumuuliza mtunzi, anamwomba radhi. Simu zikaingia. Mmoja alisema mwalimu ametishwa. Mwingine akauliza, akicheka, kama mwalimu naye sasa ni mmoja wa wale wanaomwita Sabra. Mika alikuwa na jibu ambalo lingewanyamazisha wote, lakini Sabra alikuwa amemkataza kulitoa. Aliomba radhi mara ya pili. Mwezi ule ule akakiacha kipindi.

Baada ya Ramadhani, familia moja kati ya zile tatu ilimrudia Sabra. Hamida alihudhuria harusi hiyo.

"Aliimbaje?" Mika alimuuliza.

"Vizuri." Hamida alikusanya madaftari yake. "Ila ule wimbo hakuuimba. Na wanawake walikuwa wanamtazama sana, wakinong'onezana."