Mlia wa Mwisho wa Burya

"Kando yote ya mto Volga hakuna anayewajua simbamarara kunishinda mimi," alisema Glafira Nikitichna asubuhi hiyo, akikata nyama kwa mkono wenye vidole vinne. "Kile cha tano kilikuwa ada ya shule."

Kama ilivyo kwa wafunza wanyama wote wa sarakasi, kila mchezo Glafira aliomfundisha simbamarara wake, Burya, ulimhamishia mlia mmoja wa mnyama huyo. Burya alipojua kuketi kigodani, mlia ulimtoka begani ukahamia kiwikoni kwa Glafira. Alipozoea pete ya moto, ukahama mwingine. Sasa Burya alibakiwa na mlia mmoja tu, mkiani, na Glafira alikwenda kununua kabichi akiwa na milia hadi shingoni. Muuza kabichi alimwambia inampendeza.

Lakini aliyeingia uwanjani na Burya mbele ya watazamaji ni Rodion Artemyevich, na koti lake la dhahabu. Hakumfundisha Burya hata kupiga mwayo, lakini kuinama alijua, jamani. Akiinama, hata vikongwe wa viti vya nyuma husimama. Glafira mwenyewe humpigia makofi nyuma ya pazia.

Ndipo akaja Veniamin Lukich kutoka sarakasi ya mji mkuu, kumchukua Burya pamoja na aliyemfundisha. Glafira, aliyemlea Burya kwa chupa ya maziwa na hakuwa na mwingine duniani, akakunja mikono ya gauni. Rodion naye akakunja yake. Milia tupu, myeusi, mizuri kuliko ya Glafira.

"Yako imepauka, mama," alimwambia.

"Na yako inanukia, mwanangu."

Rodion alikuwa amejichora milia kwa rangi yake ya uso, ambayo watu wa jukwaani huichanganya na mafuta ya nguruwe. Burya alijua kwamba chenye mafuta ni tuzo ya kazi njema. Aliulamba mkono mmoja wa Rodion, taratibu, mpaka ukabaki mweupe.

Veniamin Lukich akafuta miwani. Alisema fundi kama Glafira hajapata kumwona. Alisema pia kwamba watu wa mji mkuu huja kutazama koti, na koti lina mikono mirefu. Rodion afunge mizigo.

Glafira akampa Rodion kijiti cha kulishia nyama, akamwonyesha namna ya kukishika.

"Na kulamba kule," Veniamin Lukich aliuliza, "nani kamfundisha?"

"Mimi," alisema Rodion.

Mlia wa mwisho ukatoka mkiani kwa Burya, ukapita mbele yao wote bila haraka, ukakaa kidevuni kwa Glafira.