Mzee wa Marumaru na Maombi ya Mama

Tangu nitue Amerika, mimi Gichuki sijawahi kukosa mtu wa kupiga naye stori. Hata kazini ninaye mmoja, mzee mpole, hanikatizi hata nikidanganya.

Sawa, ni jiwe. Kichwa na mabega ya mfalme fulani wa Ulaya, marumaru nyeupe, shuka begani kama mtu aliyetolewa bafuni kabla hajamaliza. Anakaa ukumbini katika nyumba moja ya kale iliyogeuzwa makumbusho huku Georgetown, ambako watu hupanga foleni kuangalia vitanda vya marehemu. Jumatatu hakuna wageni, kwa hivyo humpangusa vumbi kwa brashi laini, nikianzia utosini, huku nikimpa ripoti ya wiki.

"Mzee, jana tena nilikula mkate na chai peke yangu. Jumapili ya tatu hiyo. Silver Spring yote ninakolala inanukia pilau ya watu wengine."

Wa kusikia hakuna, isipokuwa Adela, dada mpya wa mlangoni, na huyo niliamua siku ya kwanza, kwa jina lake tu, kwamba ni wa Panama na Kiswahili hakijui. Yeye "hai", mimi "hai", basi.

Simu ya video ikalia. Mama, kutoka Nakuru. Kwetu baba ni Mkikuyu na mama ni Mkalenjin, kwa hivyo lugha ya amani ni Kiswahili.

"Gichuki, nimeongea na mjomba wako Mutai. Mtoto asiye na watu arudi nyumbani. Kama unao, nionyeshe mmoja tu. Leo."

Nirudi, hata mwaka sijamaliza? Wale waliokula mbuzi wa kuniaga bado wanachokonoa meno. Nikarudi nyuma hatua sita, nikainua simu mpaka Mzee akaonekana begani kwangu, kwa mbali.

"Huyo ndiye bosi wangu, mama. Kila Jumapili nakula kwake."

"Mweupe hivyo? Ni mgonjwa?"

"Ni baridi ya huku."

Mama akajifunga kitambaa kichwani. "Mzee, hujambo? Asante kwa kunitunzia mtoto." Akangoja. "Mbona hajibu? Kwani hakufunzwa salamu?"

"Anasali, mama."

Hapo nilijichimbia shimo mwenyewe. Mwambie mama yangu kuna mtu anasali, uone kama atakaa kando.

"Basi tuombe pamoja," akasema, na macho yakafungwa.

Aliombea kazi, akaombea karatasi zangu, halafu akamgeukia Mzee. "Baba, huyu mzee aliyemfungulia mwanangu mlango, usimwache akae kwa nyumba kubwa bila wa kumsemesha. Uzee wa peke yake ni mbaya. Ujana wa peke yake ni mbaya zaidi."

Nikaangalia yale macho yasiyo na mboni, na "amina" ikanigomea.

"Amina," ikasema sauti nyuma yangu.

"Nani huyo?" mama akauliza.

Adela alikuwa mlangoni, ameshika ufunguo wa ukumbi. Akaja taratibu, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shikamoo mama. Naitwa Adela, wa Moshi, nafanya kazi na mwanao. Huyo mzee ni sanamu, mama. Na huyu kijana Jumapili tatu anakula mkate peke yake. Kila Jumatatu namsikia akimweleza."

Mama akasogeza uso karibu na simu, amwone vizuri huyo mmoja aliyemtaka. Mimi nikamrudia Mzee, nikaendelea kumpangusa sikio ambalo lilikuwa safi tayari.