Winga wa Kushoto wa Ghorofa ya Saba

Katika jengo letu hapa Weston, Canada, mtu akihamia ghorofa ya pili mimi najua ana watoto wangapi kabla kitanda chake hakijapita mlangoni. Si umbea. Ni vile nyumba yangu iko karibu na lifti, na Jumapili mlango wangu haufungwi. Watu wakitoka kanisani wanaingia kula, na mtu akishashiba anasema. Kwa hiyo habari ya Mzee Revaz na Godelive niliipata ikiwa bado mbichi.

Revaz ni mtu wa Georgia, aliyezaliwa na kuishi nusu ya maisha yake wakati nchi hiyo ilikuwa chini ya Wasovieti. Mgane, mrefu, miguu imepinda kama upinde, anakaa ghorofa ya saba. Ameishi na sisi mpaka Kiswahili kimemwingia, kibovu lakini kinafika. Godelive ni mjane aliyetoka Bukavu, ghorofa ya tano, sauti ya kwanza kwenye kwaya. Akikaanga samaki, lifti nzima inajua.

Siku moja, humo humo kwenye lifti, Godelive alimuuliza kwao alikuwa akifanya kazi gani.

"Mimi fundi," Revaz akasema. "Kiwanda cha pampu."

Basi! Jioni hiyo hiyo alikabidhiwa cherehani iliyokuwa imekwama. Siku chache baadaye ilirudi ikishona kama mpya. Ikafuata pasi, ikafuata redio. Kila kitu kilipanda ghorofa ya saba kikiwa maiti kikashuka kizima, na kila kikishuka Revaz alishuka nacho, akakaribishwa samaki. Theluji ilipoyeyuka, kwa Godelive hakikuwa kimebaki kitu kibovu hata kimoja, na bado mzee alikuwa akishuka.

Kizingiti kilikuwa Yvette, binti wa Godelive, muuguzi kule Montreal. Baba yao alipofariki ndiye aliyeishika nyumba, na neno lake ni zito.

"Jemimah," Godelive aliniambia, "Yvette akimkataa huyu mzee, nitaacha. Siolewi mimi huku mtoto wangu amegeuza uso. Lakini nimemwambia ni fundi, akanyamaza kidogo. Kwa Yvette kunyamaza ni kitu kikubwa."

Tukapanga waonane kwangu, Jumapili, katikati ya watu, ili pasiwe na mtu wa kukaa ananuna kwenye kochi. Revaz alikuja na suti ya kijivu, divai, na ule mkate wao wa kujazwa jibini. Yvette alimsalimia kwa adabu, akamwita Papa Revaz, kisha akaketi akawa anampima kama anavyopima wagonjwa. Mambo yalikuwa yanakwenda. Yvette alikata kipande cha pili cha ule mkate, nami nikamkonyeza Godelive.

Nikaenda jikoni kuosha sufuria. Nikafungua mfereji, na mfereji wote ukang'oka, nikabaki nao mkononi. Maji yakaruka mpaka darini.

"Fundi!" nikapiga kelele. Sebule nzima ikaitikia, "Mzee Revaz! Fundi!" Mtu akamvua koti, mwingine akamtia spana mkononi. Yvette naye akasogea hadi mlangoni mwa jiko, mikono kifuani, kama aliyelipa kiingilio.

Revaz aliitazama ile spana vile mwanamume anavyotazama kitoto kichanga cha watu alichopakatishwa ghafla. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya sinki, akazungusha kitu. Maji yakazidi. Akazungusha kingine. Sasa yakaanza kutoka na chini.

"Unafungua, mzee! Unafungua!"

Hapo Nyakundi akaweka sahani yake chini. Nyakundi wa ghorofa ya nne ni Mkisii mpole, anatengeneza foklifti kwenye ghala moja huko Downsview, na hula kwangu kila Jumapili bila kusema maneno kumi. Alimshika Revaz begani. "Toka, baba. Hii niachie." Akakaza valvu, maji yakakatika. Yakabaki matone yakitudondokea kutoka darini.

"Papa Revaz," Yvette akasema taratibu, "zile pampu zenu zilikuwa zinaleta maji, au zinayakimbiza?"

Watu wakaangua kicheko. Godelive peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika leso yake kwa mikono miwili, macho kwa mzee.

Revaz alisimama, suruali ikichuruzika. Nitamnyooshea Kiswahili chake, maana alivyosema yeye tungekaa hapo mpaka kesho.

"Mimi si fundi," akasema. "Sijawahi kuwa. Nilikuwa mchezaji wa mpira. Winga wa kushoto, ligi kuu."

"Sasa pampu zinatoka wapi?" nikauliza. Mimi, mtu wa kujua kila kitu, nimepitwa na kitu kama hicho!

"Kwetu, mpira haukuwa kazi. Ilitangazwa kwamba hakuna mtu anayelipwa kwa kucheza, sote tunacheza kwa kupenda. Lakini lazima ule. Kwa hiyo walituandika viwandani. Mimi niliandikwa fundi wa pampu. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kuchukua mshahara, mafundi wenyewe wakanipisha njia. 'Revaz, usiguse kitu, utaumia mguu!' Mashine yangu waliiendesha wao, kwa zamu. Walichotaka ni krosi nzuri Jumamosi."

"Na mtu akikuuliza kazi yako?" Yvette akasema.

"Fundi. Ukisema mpira, unaletea watu matatizo. Nilisema fundi kwa wageni, kwa magazeti, kwa baba mkwe. Goti lilipokufa nikafundisha vijana, bado nikasema fundi. Nchi ikavunjika, nikaja hapa, afisa akaniuliza kazi, mdomo ukajibu wenyewe: fundi. Wakanipa kazi ya karakana. Hawakumaliza wiki wakanihamishia getini, nikawa mlinzi mpaka kustaafu." Akamgeukia Godelive. "Na wewe uliponiuliza kwenye lifti, mdomo ukajibu tena. Kisha ukaleta cherehani, na samaki walikuwa wazuri."

"Na cherehani yangu alitengeneza nani?"

Nyakundi akawa anatafuta pa kuficha uso.

"Nyakundi!" nikasema. "Wewe?"

"Mzee aliniomba," akasema. "Anapika, tunakula, ananieleza mechi za zamani. Mimi natengeneza huku namsikiliza. Si kazi hiyo."

Yvette alimtazama Nyakundi, akamtazama Revaz, midomo ikaanza kumcheza. "Kwa hiyo hata Canada umepata mtu wa kukuendeshea mashine!"

"Winga hawezi peke yake," Revaz akasema, na sebule ikapasuka tena.

Lakini Godelive aligonga meza. "Mnacheka nini? Revaz, unajua nimekufanyia nini? Nimekusifu kwa kwaya nzima! Mama Pasteri nimemwahidi kwamba Jumapili ijayo utakuja kutengeneza spika za kanisa. Nimesema, 'Msitafute mtu, mimi ninaye fundi wangu.' Fundi wangu! Mbele ya wale waimbaji wa sauti ya pili, wanaosubiri nianguke!"

Mzee akainamisha kichwa. Hapo niliogopa kweli, maana aibu ya kwaya haifutiki kwa divai.

"Nitachukua koti langu kwanza, limelowa," Revaz akasema polepole, akiokota la Nyakundi kwa makosa. "Halafu nitakwenda juu."

"Nani amekutuma juu?" Godelive akasema. "Keti! Jumapili ijayo unakuja kanisani. Nyakundi anatengeneza spika. Wewe unasimama mbele ya kwaya, unasema kwa mdomo wako huo huo: mimi si fundi, nilikuwa mchezaji wa mpira. Useme na ligi kuu, wasikie. Mimi nitasimama kando yako."

Kwa watu wa kwaya yetu, mwanamke mjane hasimami kando ya mwanamume mbele ya kanisa kwa ajili ya spika. Kila mtu pale sebuleni alielewa. Revaz ndiye aliyechelewa, mpaka Nyakundi alipomfinya.

Sote tukamgeukia Yvette. Alikuwa anakausha nywele kwa taulo yangu ya sahani, hana haraka.

"Maman, mimi Jumapili niko zamu," akasema. Kisha akashusha pumzi. "Itabidi nibadilishane na mtu. Papa Revaz, ligi kuu ulifunga mangapi?"

"Machache," Revaz akasema. "Mimi nilikuwa natoa pasi."

"Utasema mengi," Godelive akamwambia.

"Hapana," akasema mzee. "Sasa nasema kweli tu."

"Basi sema machache, lakini kwa sauti," akasema Godelive, akamvutia kiti.