Kipara cha Mbele ya Nyumba

Usiku wa jana niliota, na kwa kuota hakuna wa kunifikia mtaa huu mzima. Ndoto zangu hutimia zote. Ile ya mwanangu kuwa askofu ndiyo bado, maana ni fundi wa majokofu, na ile ya mimi kuolewa tena sijaifuatilia.

Niliota niko mbele ya nyumba ya mwanangu Jilala, ninapoishi naye na mkewe Tulizo, katika mtaa huu wa nyumba za kufanana wenye geti, mlinzi na kamati. Kamati inataka mbele ya kila nyumba pawe na ukoka, mbichi, usiozidi kidole kwa urefu. Mimi nililelewa kwamba majani mlangoni ni uvivu na nyoka. Kwa hiyo kila siku nafagia, na ninapofagia ukoka umekufa, pamebaki udongo mtupu mwekundu, upana wa mkeka wa watu wawili. Ndipo ninapoweka kigoda changu. Kamati inapaita kipara. Leo walikuwa waje kukifunika, na mabunda ya ukoka yalishaletwa getini, yamekunjwa kama mikeka ya msibani.

Basi katika ndoto nimeshika ufagio wangu wa chelewa. Ukoka wa mtaa mzima unasimama kuniamkia.

"Shikamoo, bibi," unasema unyasi wa kwanza.

"Marahaba."

"Shikamoo, bibi," unasema wa pili.

Sikulelewa kuacha salamu ianguke chini. Nikaitikia mmoja mmoja, kuanzia getini mpaka kwenye tenki la maji. Sauti ikakauka. Nilipofika kwenye tenki, wale wa getini walikuwa wameshakatwa na kuota upya, na hawakuwa wananifahamu.

"Naomba nikalale," nikauambia ufagio.

"Umeshalala," ukasema. "Zaidi ya hapo ni kaburini."

Nikaingia ndani angalau nikae. Makochi yote yamejaa majani makavu, yamekunja nne. Tulizo anayamiminia chai.

"Ni wageni wako, mama," ananiambia. "Kamati imesema kila mtu awajibike kwa majani yaliyoanguka kwake."

"Yatakaa mpaka lini?"

"Mpaka yaoze."

Jani moja likaomba liongezewe sukari.

Nikatokea mlango wa jikoni, nikajikuta wodini. Kitandani kimelala kipara changu, kimefunikwa shuka, mistari ya ufagio bado inaonekana kifuani. Lazima niseme kwamba Tulizo, kwa kunisitiri, aliwaambia kamati ukoka wetu una ugonjwa. Kumbe maneno yale yalikuwa yamefika hospitali.

Kando ya kitanda amesimama mwenyekiti wa kamati, Bwana Luhende, amevaa suti, na mkononi ana ile fimbo yake ya chuma ya kupimia ukoka. Hata nje ya ndoto haachani nayo. Hutembea akiichomeka ardhini kila hatua ya mguu wa kulia.

"Hali ya mgonjwa?" nikauliza.

"Hana jani hata moja. Leo tunamvisha."

"Mimi siumwi," kikasema kipara. "Nimefagiliwa tu."

"Wote husema hivyo," akasema Mwenyekiti.

Kipara kikanigeukia. "Bibi, wakinifunika utakaa wapi?"

Nikapiga hesabu. Barazani kuna maua ya Tulizo, sebuleni kuna televisheni, na juu ya ukoka hairuhusiwi kukaa, unaruhusiwa kuutazama. Mtaa mzima sina pengine. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Magoti yanauma. Nilidhani ndotoni mtu hupewa mengine.

"Tazama miguu yake," ufagio ukaninong'oneza.

Nikatazama. Mwenyekiti amevaa suti na tai, lakini yuko pekupeku, na vidole vya miguu ni vyekundu kwa udongo.

"Baba, viatu viko wapi?"

"Viko kikaoni. Vinaniwakilisha."

"Na udongo huo?"

Akaficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, kama mtoto aliyelamba sukari.

"Huwa nakuja kwako alfajiri," akasema. "Kabla hujaamka. Navua viatu, nakaa kwenye kigoda chako. Kwa mama yangu, Maswa, palikuwa panafagiliwa hivi. Kwangu ukoka umeingia mpaka chini ya kitanda, mama. Nakaa kidogo tu. Usiwaambie kamati."

"Kamati si wewe?"

"Huyo ndiye ninayemwogopa."

Palepale shuka ikaanza kuota ukoka, kisha mto, kisha kofia ya nesi. Kipara kikakohoa majani mawili. Nikainua ufagio nifagie wodi, mkono ukakataa.

"Amka, bibi," ukasema ufagio. "Huku hatutamaliza."

Nikaamka kumekucha. Mgongo ulikuwa umechoka kama nimefagia mkoa. Nikachukua ufagio, nikatoka nikafagie kipara changu mara ya mwisho.

Sikufagia. Mimi hufagia jioni pia, kama mama alivyonifundisha, ili asubuhi usome ni nani kapita: nyoka, kuku au mwizi. Mistari yangu ilikuwa imekatwa na nyayo za mtu pekupeku, zinakuja mpaka kwenye kigoda na kurudi. Na kando ya kila unyayo wa kulia palikuwa na kitundu kidogo, cha mviringo.

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikasubiri.

Walikuja watatu, Mwenyekiti na wanakamati wawili wenye mabunda begani. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita ukae, kigoda hicho hapo."

"Ahsante, nitasimama hapa kwenye saruji. Mimi humo sijawahi kukanyaga. Hata sijui mtu unakaaje kwenye udongo mtupu namna hiyo."

"Hata alfajiri?"

"Alfajiri, mama? Alfajiri mimi niko kitandani."

Tulizo, aliyekuwa mlangoni, akaniambia kwa macho ninyamaze.

"Basi niazime fimbo," nikamwambia, "magoti yananisumbua."

Akanipa. Nani atamnyima bibi kizee fimbo? Nikasogea polepole mpaka kwenye kitundu cha kwanza, nikaichomeka. Ikaingia kama upanga kwenye ala yake, ikasimama yenyewe. Nikaichomoa, nikaitia kwenye cha pili. Ikasimama.

Wale wawili wakaitazama fimbo. Wakazitazama nyayo. Kisha wakavitazama viatu vya Mwenyekiti.

"Vua kimoja, baba," nikasema. "Tupime."

Hakuvua. Alikitazama kigoda, kisha akawaambia wenzake wayarudishe mabunda getini, nyumba hii ukoka wake bado unachunguzwa. Aliponyoosha mkono kuchukua fimbo, nikampa ufagio.

"Ukishakaa," nikamwambia, "uwe unafagia."