Jicho la Nyangumi Nisiloliona

Nimefundisha baiolojia miaka kumi na tisa, na kila mwaka nimewaambia wanafunzi wa kwetu Kinyangiri kwamba nyangumi si samaki. Nalisema kwa ukali, kama mtu anayefuga wawili nyuma ya nyumba. Ukweli ni kwamba bahari nilikuwa sijaiona. Maji mengi niliyoyajua ni ya Ziwa Kitangiri, nayo niliyavuka kwa mtumbwi mara moja tu, nikiwa nimefumba macho.

Mwaka jana usharika rafiki wa Norwei, kaskazini kabisa huko pwani, ulitualika tupeleke watu wawili mwezi wa Julai. Baraza la usharika wetu likamchagua Mama Rahabu, mwenyekiti wa wanawake, mkulima wa alizeti mwenye miaka sitini na tatu. Mimi nikachaguliwa nimtafsirie. Hapo hapo nikajipandisha cheo nikawa kiongozi wa msafara. Njia nzima nilimfundisha kufunga mkanda, kushika uma, na namna ya kusalimia Wazungu, mpaka akaniambia, "Mwalimu Nathanaeli, pumzika kidogo. Safari bado ndefu."

Siku ya nne wenyeji walitupeleka baharini kuangalia nyangumi. Walisema ni majira ya joto. Nilivaa sweta mbili na koti zito la kuazima, na bado meno yaligongana. Kabla boti haijaondoka, msichana aliyeongoza wageni alipita na vidonge vya kuzuia kutapika. Mama Rahabu alichukua kimoja, akashukuru. Mimi nilikataa. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kizuri kwamba nimekulia karibu na ziwa. Alinitazama kwa huruma, akaniachia ndoo.

Ndoo ile ndiyo utalii wangu wote. Naweza kuieleza mpaka leo: ya bluu, mpini wa waya, chini imeandikwa lita kumi. Saa nne nzima nilikaa nayo chumba cha chini cha boti, nimeikumbatia, huku juu watu wakipiga kelele za furaha kwa lugha mbalimbali. Kuna wakati injini ilizimwa, watu wote wakanyamaza. Nikasikia Mama Rahabu akiniita kwa Kinyiramba, "Njoo, njoo upesi!" Nilitamani kumjibu, lakini kila nilipofungua kinywa, kilichotoka hakikuwa maneno.

Tuliporudi nyumbani, Jumapili ya kwanza tulitakiwa kutoa taarifa kanisani. Ningeweza kusema ukweli. Lakini kanisa lilijaa, wanafunzi wangu walikaa mbele, na mke wangu alikuwa amenipigia pasi shati jipya. Nikasema mnyama yule aliibuka hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama, akageuka taratibu, akanitazama kwa jicho moja, kubwa kama sahani ya ugali, jicho lenye huzuni. Nikampa hata kope ndefu. Nyangumi hana kope, na katika kanisa lile mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo. Akina mama wawili walijifuta machozi. Mchungaji akasema amina.

Ndipo akasimama Mzee Alute, mfugaji, mtu ambaye hata akiambiwa ng'ombe ni mzima humfungua kinywa ahesabu meno.

"Mchungaji, nina swali, ila si kwa Mwalimu. Mama Rahabu naye alikwenda. Mbona hatujamsikia?"

Hatukuwa tumemsikia kwa sababu ratiba niliiandika mimi, na yeye nilimpangia salamu tu. Alisimama, akakaza kanga yake.

"Mimi sijui kueleza kama Mwalimu," alisema. "Kwanza nilimsikia. Alipumua kama mashine ya kukamua alizeti inapowashwa asubuhi, na pumzi yake inanuka kama gunia la dagaa lililonyeshewa. Ngozi ina mikunjo kama nguo iliyokauka bila kukung'utwa. Alilala pale kama gogo, kisha akainama, mkia ukapanda juu wote, maji yakichuruzika. Ule mkia ungefunika jiko langu, ukuta kwa ukuta. Halafu akazama, na maji yakatulia kama hakuna aliyepita."

"Na jicho?" Mzee Alute aliuliza.

"Jicho sikuliona, siwezi kudanganya. Labda Mwalimu, kwa sababu yeye alikuwa upande mwingine."

"Upande gani, Mwalimu?"

Nilikuwa na jibu. Ningesema kule chini kulikuwa na dirisha. Nikamwangalia Mama Rahabu, nikidhani ananitega, kumbe hapana. Alikuwa amenigeukia kwa hamu, anasubiri kusikia habari za jicho ambalo yeye hakujaliwa kuliona. Alikuwa tayari kuniamini.

"Nilikuwa chini," nikasema. "Nimekumbatia ndoo. Sikuona kitu chochote."

Mzee Alute akaketi. "Basi lile jicho lenye huzuni lilikuwa la kwako."

Kanisa liliangua kicheko. Mchungaji alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika. Mke wangu alicheka kuliko wote.

Wiki tatu baadaye tulifika mada ya mamalia. Nilikwenda kwa Mama Rahabu, nikamkuta anaanua alizeti uani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Tumbo limepona?"

Nikamwomba aje darasani. Alisita, akasema watoto wana vitabu, yeye ana nini. Nikamwambia vitabu havikumsikia yule mnyama akipumua.

Alikuja na koti alilopewa kule Norwei, katika jua la saa sita. Mimi nilikaa dawati la nyuma na daftari. Alipomaliza, msichana mmoja, Lucy, akauliza nyangumi hukaa chini ya maji muda gani.

"Hilo muulizeni Mwalimu."

"Yule wa aina ile, mwenye ngozi ya mikunjo, hata saa nzima," nikasema.

"Saa nzima!" Mama Rahabu alikaa kwenye ukingo wa meza, akashika shavu. "Kumbe! Basi sisi tulipokuwa tunakunywa kahawa na kusema hakuna kitu, alikuwa hapo chini yetu muda wote?"

Mikono kumi ikanyooshwa kwa mpigo. Kipindi cha hesabu kilikuwa kimeshaanza, lakini mwalimu wake alikuwa amesimama dirishani, chaki mkononi, anasikiliza.