Mama wa Ubatizo

Mzee Mburu wa kanisa hakuuliza swali la pili. Alikuja nyumbani Jumatano jioni, akaketi kwenye kiti cha Gichuru, akataka kujua ni nani watakaosimama na mtoto siku ya ubatizo. Nyakio, mke wa Gichuru, akamtajia: shemeji yake Gathogo, Warigia mwenye duka, na jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Rebeka Kageha, mama yake Hanna.

"Rebeka," Mzee Mburu alisema, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Basi wote ni watu wa maji."

Kwa watu waliotoka Murang'a kama yeye, jina kama Rebeka hukulipata bure. Ulilisomea, ukaulizwa maswali, ukapelekwa mbele ya kanisa, ukamwagiwa maji, ndipo ukalibeba. Mzee Mburu hakuwahi kuwaza kwamba kuna mahali mtu hupewa jina la Biblia na baba yake siku ya kuzaliwa, akalitumia mpaka uzeeni bila tone la maji kumgusa kichwani. Lakini Nyakio alijua. Kageha alikuwa wa Kanisa la Marafiki, kutoka Maragoli, na Marafiki hawabatizi kwa maji, awe mtoto awe mtu mzima. Nyakio alifungua mdomo aseme. Mtoto akalia, akamweka titini, na Mzee Mburu akageukia habari za shamba pamoja na Gichuru.

Alijiambia hajasema uongo. Hakusema kitu.

Sababu ya kumtaka Kageha ilikuwa nzito. Kampuni yao ya kununua ardhi ilikuwa imenunua shamba la Mzungu upande wa Ainabkoi, na mvua zikiisha wenye hisa wangegawiwa vipande vyao wahame Eldoret. Kageha angebaki mjini na mume wake, karani wa reli. Nyakio aliogopa siku hiyo. Jirani ukimhama anakuwa mtu mliyewahi kukaa naye, basi. Lakini mama wa ubatizo ni wa mtoto maisha yote. Hata akikaa mbali, mtoto hakui bila yeye kujua, wala harusi haifungwi bila yeye kuitwa.

Tena ni Kageha aliyempokea mtoto huyu. Uchungu ulimshika Nyakio mchana, Gichuru akiwa ameenda na wenzake kuliangalia shamba, na Kageha akaja mbio na unga mikononi. Mtoto alipotoka na kulia, Kageha alimfunga kitambaa, akamweka kifuani, akafumba macho, akanyamaza. Akanyamaza sana.

"Si uombe," Nyakio alimwambia kutoka kitandani.

"Naomba."

"Mbona sikusikii?"

"Kwani ni wewe naongea naye?"

Nyakio alicheka huku machozi yakimtoka, na hapo wazo likamwingia ambalo hakufundishwa na mtu: Mungu ameshafika humu ndani, na pasta hata hajaambiwa.

Wazo hilo alilitunza. Alitaka maji kwa mtoto wake, aliyataka sana. Aliamini maji yale yametoka kwa Mungu. Aliamini pia kwamba Mungu hakosi njia nyingine. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana, lakini hakuwa amewahi kuyasema mbele ya mtu wa kanisa lake. Gumbaru, kwenye masomo ya jioni ya watu wazima ambako yeye na Kageha walikaa benchi moja wakijifunza kuandika, mwalimu aliwaambia kuuliza si dharau. Kanisani hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo.

Alipomwomba Kageha asimame na mtoto, Kageha alishangaa. "Mimi, kwa maji yenu? Nikafanye nini huko?"

"Unasimama tu. Unasema utamsaidia mtoto amjue Mungu."

"Hiyo naweza," Kageha alisema. "Na kuku wa sherehe nitapika mimi. Nyinyi kuku mnamchemsha kama viazi."

Nyakio hakumwambia kwamba kanisa lina sharti. Alitumaini tu kwamba Jumapili itapita salama.

Haikupita. Kabla ya ibada Pasta Ndungu aliwaita kwenye chumba chake kidogo nyuma ya kanisa. Walijaa humo: Gichuru na Nyakio, wadhamini watatu, Mzee Mburu, na mama yake Gichuru, ambaye kila mtu alimwita Cucu, amesimama mlangoni na shuka jipya. Mtoto alikuwa amebebwa na Kageha. Pasta akauliza kila mdhamini alikobatizwa. Gathogo akasema kwao. Warigia akasema kwao, akataja na pasta aliyembatiza.

"Na wewe, mama?"

"Sisi Marafiki hatutumii maji, Pasta," Kageha alisema, kama mtu anayeulizwa anaishi nyumba gani. "Kwetu ubatizo ni wa Roho."

Mzee Mburu alimkodolea macho. "Lakini si wewe ni Rebeka?"

"Ndiyo mimi."

"Jina hilo ulipewa na nani?"

"Na baba yangu."

Warigia alikohoa ili asicheke. Pasta Ndungu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, mimi sina neno na wewe," alisema kwa upole. "Lakini kwa utaratibu wetu mdhamini lazima awe amebatizwa." Kisha akamgeukia Nyakio, akimwita kwa jina la ubatizo ambalo mtoto alikuwa karibu kupewa. "Mama Ruthi, wewe ulijua?"

Cucu alikuwa akimtazama. Gichuru alikuwa akimtazama. Watu wa kwaya walishaanza kuimba upande wa pili wa ukuta.

"Sikujua, Pasta."

Neno lilitoka haraka, kabla hajafikiri. Kageha aligeuka akamwangalia. Hakukasirika. Alimwangalia tu kama mtu aliyeitwa njiani kwa furaha, kisha aliyemwita akasema, samahani, nilidhani ni mwingine. Akalifunga vizuri shali la mtoto, upepo usimwingie shingoni, akamrudisha mikononi mwa Nyakio, akatoka.

Njambi wa chama cha akina mama aliitwa haraka kutoka kwenye benchi akashika nafasi.

Nyakio alisimama mbele ya kanisa akajibu kila alichoulizwa. Je, unamwamini Mungu? Namwamini. Je, unaikataa kazi ya uongo na giza? Naikataa. Hapo shingo yote ilimwaka moto. Maji yalimwagwa, mtoto akapiga chafya, kanisa zima likacheka kwa furaha, na aliyekuwa Wamucii nyumbani, jina la nyanya yake, akawa Ruthi pia. Nyakio hakuweza kuinua macho. Alipoyainua alimwona Kageha kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Hakuwa ameenda nyumbani. Alikuwa anaimba na wengine.

Alasiri nyumba ilijaa. Mabenchi yaliazimwa, yakapangwa hadi nje uani. Kulikuwa na chai, irio na nyama ya kondoo, na wanaume walizungumza shamba tu, nani atapata kipande karibu na mto na nani atatupwa kwenye mawe. Pasta Ndungu alipewa kiti cha heshima. Nyakio alipakua, akatembeza sahani, akaitikia pongezi, na kila alipopita karibu na ukuta wa upande wa Kageha alisikiliza. Upande ule ulikuwa kimya.

"Hodi."

Kageha alikuwa mlangoni, bado na nguo ya kanisani, na sufuria kubwa mikononi iliyofunikwa kwa sahani. Harufu ya kuku ilimtangulia. Alikuwa ameahidi kuku, na ameleta kuku.

"Karibu, karibu," Gichuru alisema, bila kujua aangalie wapi.

Kageha aliiweka sufuria mezani, akamsalimu pasta kwa mkono, kisha Cucu, kisha wazee. Mzee Mburu, ambaye chai ilishamchangamsha, akainua kifuniko akachungulia.

"Ngoja kwanza kabla hatujala," alisema. "Mama Rebeka, kuku hawa wameoshwa kwa maji, ama ni kwa Roho tu?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Hata Gichuru alicheka, kisha akajikamata.

"Kwa maji, Mzee," Kageha alijibu. "Halafu nikawapitisha kwa moto. Nyinyi mliishia kwa maji."

Sasa kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na Pasta Ndungu mwenyewe alilazimika kuweka kikombe chini. Kwa kitambo kidogo Nyakio aliona kwamba labda imekwisha, mambo yatakuwa mzaha, watu watakula. Kageha alikuwa ameshageuka kwenda zake.

"Anajua kuchekesha," Cucu alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, si kwa sauti ndogo. "Lakini hii si ya kucheka. Mtu anajificha kwa jina, anataka kushika mtoto yetu kwa kanisa. Hiyo ni kutudanganya."

Kageha alisimama mlangoni. Hakugeuka. Hakujitetea. Nyakio alimwona mgongo tu, na mkono mmoja ukishika mwimo wa mlango, akaelewa kwamba Kageha anangoja. Hakumngoja Cucu. Alimngoja yeye, Nyakio.

Aibu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa ya kutaka kujificha. Hii ilikuwa nyingine, ilimsukuma mbele.

"Hakudanganya, Cucu," alisema. Akaziweka chini sahani alizobeba. "Hakuambiwa kama kuna sharti. Ni mimi nilijua. Pasta, uliponiuliza, nilijua."

Gichuru alisema taratibu, "Nyakio," kama anayemwambia mtu ashuke juu ya mti.

"Kwa nini basi?" Pasta Ndungu aliuliza.

"Niliogopa mngemkataa."

"Tulimkataa. Na tukabaki na uongo juu yake." Pasta alisukuma kikombe pembeni. "Mama Ruthi, ulitaka maji haya kwa mtoto wako, ama yalikuwa ya desturi tu?"

"Niliyataka, Pasta. Nayaamini." Aliinua macho akamtazama pasta. "Lakini siku mtoto alizaliwa, huyu mama alimshika akaomba, na mimi nikaona Mungu yuko pale. Hakungoja maji. Siwezi kusema hakuwako. Na siwezi kusema maji ni bure. Sijui ni mafundisho gani hayo. Ndiyo ninayo."

"Woi!" Cucu alisema, akajifunika uso kwa shuka. "Mbele ya wageni!"

Mzee Mburu alitaka kuongea, pasta akamzuia kwa kidole. "Mimi nimesomea kazi hii," Pasta Ndungu alisema, "na sijui Mungu amewapangia nini hao Marafiki. Kitabu changu kinaniambia tu nani asimame pale mbele. Hilo la kuamini tutazungumza, sina hofu nalo. Lakini la kuniambia uongo ndani ya kanisa, na jirani yako akabeba, hilo utakuja ofisini. Kwa sasa meza ya Bwana utaiacha."

"Ndiyo, Pasta."

Alipoangalia mlangoni, Kageha hakuwako.

Alimchukua mtoto akatoka, akiwaacha wageni na kuku ambao hakuna aliyethubutu kuwagusa. Kageha alikuwa mlangoni kwake, ameketi kwenye kibao, amevua viatu vya kanisani, anaisugua miguu.

"Umewaacha wageni?"

"Nimewaacha. Ulisikia?"

"Ukuta wenyewe ni mbao. Nilisikia."

"Nisamehe, Mama Hanna."

Kageha aliendelea kusugua mguu. "Hukuniuliza kwetu walisema nini."

"Kwenu?"

"Kwani wewe ndiwe peke yako una kanisa? Wamama wetu waliniita. Wakaniuliza, Kageha, umeanza kufuata maji? Umechoka na sisi? Nikasimama mbele yao nikasema, yule mama ni dada yangu, imani yake ni safi, namjua." Aliacha kusugua. "Nikasema namjua. Na wewe ukaulizwa swali dogo hivi na mtu mpole, mwenye miwani."

Nyakio alitamani Kageha apige kelele. Angejua pa kuuweka uso wake.

"Alhamisi wanakutana tena," Kageha alisema. "Habari itakuwa imefika, Eldoret si kubwa. Wataniuliza ilikuwaje. Sitasema uongo, na sitaki kukusema."

"Nitaenda na wewe. Nitawaambia mwenyewe."

"Watakuuliza mambo ya maji. Hao si Pasta Ndungu, watakuuliza mpaka utoke jasho."

"Nitawaambia nayaamini maji. Na nitawaambia nilimwona Mungu kwako kabla ya maji. Hata wakikasirika."

"Watakasirika."

"Cucu naye amekasirika. Nitazoea."

Kidogo tu, pembeni mwa mdomo, Kageha alitaka kucheka, akakataa. Mtoto aliamka, akanyoosha mkono upande ule wa sauti anayoijua. Kageha aliutazama mkono huo, lakini hakuupokea.

"Leo hapana," alisema. "Usinisukume."

"Sikusukumi."

Nyakio aliketi kwenye kizingiti, chini yake, na nguo yake nzuri juu ya vumbi. Upande wa pili wa ukuta watu walianza kuongea tena polepole, wengine wakiaga. Cucu alikuwa anamwita. Hakuitika mara moja. Alikaa hapo na mtoto, uso bado unamwaka, na Kageha hakumwambia aondoke.